USIMLIPE MTU KWA UKUBWA WA SHIDA YAKO



Neno la leo liko Nehemia 5. Kama una Biblia karibu, isome sura yote kabla ya kuendelea. Ni mistari 19 tu.

Leo sitasema maneno laini. Kuna swali ambalo limekuja kwa inboksi mara nyingi, kutoka kwa wapendwa wetu walio Marekani wanaofuata ibada kwa simu, na pia kutoka kwa walio hapa nyumbani. Limevaa nguo tofauti lakini ni swali moja. Walio kule wanauliza: "Mchungaji, kadi za mkopo zimenilemea. Kuna kampuni imenipigia, inasema itaongea na benki zangu nipunguziwe deni. Nijiunge?" Walio hapa wanauliza: "Mchungaji, jina langu liko CRB. Kuna mtu anasema nikimtumia kitu kidogo atalitoa. Nitume?"

Kabla ya kukujibu, mimi pia nina maswali mawili. Huyo mtu anakulipisha kwa kipimo gani? Na anakulipisha lini?

Msimamo wangu ni huu. Ada ya haki kwa anayekusaidia kutoka kwenye deni ni ile inayotokana na nafuu uliyoipata, baada ya kuipata, na ambayo uliielewa kabla ya kutia sahihi. Ada inayopimwa kwa ukubwa wa deni lako, au inayochukuliwa kabla hujaona nafuu yoyote, si ya haki. Hata kama imepigwa chapa kwa karatasi nzuri. Hata kama sheria ya nchi imeiacha ipite.

MTENDA KAZI ANASTAHILI KULIPWA

Nianze na upande wao, ili mtu asiseme nimewaonea.

Biblia haikatazi mtu kulipwa kwa kazi yake. Luka 10:7 iko wazi juu ya hilo. Kuongea na wakopeshaji ni kazi. Kuna mtu ambaye hawezi kabisa kuongea na benki. Akiona namba ya benki kwa simu mikono inatetemeka. Hajui kusoma taarifa ya mkopo, hajui aanzie wapi. Mtu mwaminifu akimshika mkono, akaandika barua, akafuatilia, akarudi na makubaliano yaliyotiwa sahihi, huyo amefanya kazi. Mlipe. Usiwe yule Mkristo ambaye akihudumiwa anasema "Mungu atakubariki" na mkono uko mfukoni.

Kwa hiyo sipingi malipo. Ninapinga kipimo na ninapinga wakati.

Ukienda kwa fundi wa gari, hakulipishi kwa bei ya gari lako. Anakulipisha kwa kazi aliyofanya. Akikuambia, "Gari lako ni la milioni mbili, kwa hiyo nipe laki tano, halafu tutaona kama litawaka," utachukua funguo zako uondoke. Mbona kwa deni tunakubali?

Nakwambia kwa nini. Ni kwa sababu mwenye deni ana hofu na aibu, na mtu mwenye aibu haulizi bei. Anataka tu simu zinyamaze. Wanaofanya biashara hii wanalijua hilo kuliko wewe unavyolijua. Mithali 22:22-23 inaonya juu ya kumnyang'anya maskini kwa sababu tu ni maskini, kwa sababu yuko chini na hawezi kujitetea. Mungu anasema atachukua kesi ya mtu huyo mwenyewe.

ANGALIA NEHEMIA ALIFANYA NINI

Watu wa Yerusalemu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa fedha ili walipe kodi ya mfalme. Watoto wao walikuwa wameanza kuwa watumwa. Na waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe.

Nehemia alisikia kilio, akakasirika, akatafakari moyoni, kisha akawakabili wakubwa na viongozi. Aliwaambia warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, na ile sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wanatoza. Wakakubali. Akawaapisha mbele ya makuhani. Kwa lugha ya leo, Nehemia alisuluhisha madeni ya mji mzima kwa mkutano mmoja.

Sasa soma kuanzia mstari wa 14. Mtu huyu alikuwa gavana. Alikuwa na haki ya kula posho ya gavana, na magavana waliomtangulia waliwatoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Nehemia kwa miaka 12 hakuichukua posho hiyo. Sababu anaitoa mwenyewe mwishoni mwa mstari wa 18: mzigo juu ya watu ulikuwa mzito.

Posho hiyo ilikuwa halali kabisa, na bado aliitazama akaitazama na migongo ya watu, akaiacha. Sisemi kila msuluhishi afanye kazi bure kama Nehemia. Nasema kipimo chake kilikuwa uzito wa mzigo ulio juu ya mtu, na kadiri mzigo ulivyokuwa mzito ndivyo alivyochukua kidogo. Biashara ya siku hizi imegeuza kipimo hicho. Kadiri mzigo wako ulivyo mzito, ndivyo wanavyochukua zaidi.

KWENU MLIO MAREKANI

Nawaongelea ninyi kwanza kwa sababu huko biashara hii ni kubwa na ina ofisi. Wengi wenu mnatunza wazee na wagonjwa, mnafanya shifti mbili, mnatuma pesa nyumbani za karo na hospitali, na kadi inajaza pengo. Siwahukumu. Lakini elewa mnachoalikwa kuingia.

Kampuni ya kusuluhisha madeni kwa kawaida inakwambia uache kulipa benki zako. Badala yake unaweka pesa kila mwezi katika akaunti maalum. Pesa zikijaa kiasi, kampuni inaenda kwa benki na kusema, "Huyu ana kiasi hiki tu, chukueni tumalize." Benki inaweza kukubali, inaweza kukataa. Wakati huo wote riba inaendelea, faini za kuchelewa zinaendelea, rekodi yako ya mkopo inashuka, na benki inaweza kukupeleka mahakamani. Ikishinda, katika majimbo mengi mshahara wako unaweza kukatwa.

Ada yao mara nyingi ni kati ya asilimia 15 na 25 ya deni uliloandikisha. Rudia maneno hayo: ya deni uliloandikisha. Si ya nafuu uliyopata.

Tufanye hesabu, ya mfano tu. Tuseme dada yetu ana deni la dola 20,000. Ameacha kulipa, na kwa riba na faini deni limefika 24,000. Kampuni inaongea na benki, zinakubali nusu. Analipa benki 12,000. Ada ya asilimia 25 ya lile deni la 20,000 ni dola 5,000. Jumla ametoa 17,000. Ukilinganisha na 20,000 aliyoanza nayo, ameokoa 3,000.

Dada aliyesumbuliwa kwa simu, aliyeharibu rekodi yake, aliyekaa na hofu ya kushtakiwa, amepata 3,000. Kampuni imepata 5,000.

Tuseme benki zilikuwa ngumu, zikakubali asilimia 60 tu. Atalipa 14,400. Ongeza ada ile ile ya 5,000. Jumla 19,400. Ameokoa dola 600. Kampuni bado imepata 5,000! Unaona shida? Kampuni ikipigana sana au ikipigana kidogo, chakula chake ni kile kile. Hiyo si ada ya kazi. Hiyo ni kodi juu ya shida yako.

Na bado hatujamaliza. Deni lililosamehewa la dola 600 au zaidi kwa kawaida huripotiwa kwa mamlaka ya kodi kama mapato yako, isipokuwa uangukie katika misamaha iliyopo, kama ule wa mtu ambaye madeni yake yanazidi mali yake yote. Kwa hiyo uliyedhani umepumua unaweza kuletewa barua ya kodi mwaka unaofuata. Muulize anayekuandikisha kama alikwambia hilo.

Sasa weka kipimo cha haki. Chukua asilimia ile ile 25, lakini ya nafuu. Katika mfano wa kwanza, deni lilianza 20,000, benki zikalipwa 12,000. Nafuu ni 8,000, na robo yake ni 2,000. Dada anatoa jumla ya 14,000 na anabaki na nafuu ya 6,000. Kampuni ikisema robo haitoshi, sawa, ichukue asilimia 35 ya nafuu. Ni 2,800. Bado imelipwa vizuri, na bado dada amepata zaidi ya waliomhudumia. Na sasa kampuni ina sababu ya kupigana, maana isipomletea nafuu haina chakula.

Mtu ataniambia, "Mchungaji, sheria inaruhusu njia zote mbili." Ni kweli. Tangu Oktoba 2010, kanuni ya serikali kuu ya Marekani inakataza kampuni zinazouza huduma hii kwa simu kuchukua ada mapema. Lazima kwanza angalau deni moja lisuluhishwe, wewe uyakubali makubaliano, na ulipe angalau mara moja chini ya makubaliano hayo. Kisha kanuni inaruhusu ada ipimwe kwa sehemu ya deni au kwa asilimia ya nafuu. Pesa zilizo katika ile akaunti maalum ni zako, na ukitaka kutoka unatoka bila faini na unarudishiwa pesa zako, ukiondoa ada ambayo kampuni imeshaipata kihalali.

Naishukuru sheria hiyo kwa suala la wakati. Imesema ukweli: usile kabla hujafanya kazi. Lakini kwa suala la kipimo imeacha mlango wazi, na wengi wanapita kwa mlango huo. Mkristo haulizi tu kama ni halali. Anauliza kama ni haki. Kumbuka posho ya Nehemia.

Na kuna wasioridhika hata na mlango huo. Kwa kuwa kanuni ile inalenga mauzo ya simu, kuna kampuni zilizoshtakiwa kwa kujificha nyuma ya jina la wakili na kutuma mtu na makaratasi hadi nyumbani kwa mteja, ili ihesabike kuwa walikutana ana kwa ana, kisha ada ikaanza kukatwa mapema. Ukiona mgeni amekuja sebuleni na karatasi nyingi na hawezi kujibu swali hata moja, mpe chai, umshukuru, usitie sahihi.

KWENU MLIO HAPA NYUMBANI

Hapa Kenya biashara hii mara nyingi haina ofisi. Ina tangazo la Facebook, namba ya simu na maneno matamu: "Tunatoa jina CRB. Haraka. Siri."

Hebu tuelewane. Ofisi za CRB zilizopewa leseni na Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Jina lako halikupelekwa huko na malaika wala na shetani. Lilipelekwa na aliyekukopesha. Na anayeweza kurekebisha habari hiyo ni aliyekukopesha, ukishalipa au mkishakubaliana, kwa kutuma habari mpya. Broka hana ufunguo wa mlango huo. Anachofanya, akifanya kitu, ni kupiga simu ambayo wewe ungeipiga.

Kila mwaka una haki ya kupata ripoti yako ya mkopo mara moja bila malipo. Ukiona kosa, una haki ya kulalamika mwenyewe na lichunguzwe. Mwaka 2020 Benki Kuu ilisema deni lililo chini ya Sh 1,000 lisipelekwe CRB, na cheti cha kwanza cha CRB kitolewe bure. Sasa fikiria kijana anayetafuta kazi, anaambiwa alete cheti, anamtumia broka pesa za kula za wiki mbili ili apewe kitu ambacho Benki Kuu ilisema apewe bure.

Na kama deni ulikuwa nalo kweli, ukalipa, rekodi inaonyesha umelipa, lakini historia ya kuchelewa inakaa miaka 5. Anayekuahidi kuifuta habari ya kweli anadanganya, au anapanga kumhonga mtu. Akidanganya umepoteza pesa. Akihonga umeshiriki dhambi yake. Hakuna upande wa tatu.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hamjaambiwa. Sheria yetu ya Benki, kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika Mei 2007, imeweka kikomo. Mkopo wa benki ukishaharibika, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kuzidi salio la mkopo lenyewe lililokuwepo siku ulipoharibika. Kama salio lilikuwa Sh 80,000, riba haiwezi kupita Sh 80,000. Inaongezwa tu gharama ya kufuatilia deni. Kwa hiyo mtu akija na kifua mbele kwamba "nimekupunguzia riba," kisha anadai asilimia, muulize: umepunguza wewe, au ilipunguzwa na Bunge? Usinunue kwa broka kitu ambacho sheria ilishakupa.

Vilevile wale wanaolipa broka kwa sababu ya aibu, maana apu ya mkopo imetishia kupigia mama mkwe na bosi. Kanuni za watoa mikopo ya kidijitali za mwaka 2022 zimekataza vitisho, matusi na kuwatumia ujumbe watu walio katika simu yako. Mtu akikufanyia hivyo anavunja kanuni, na wewe una mahali pa kupeleka malalamiko: Benki Kuu, na ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data. Usimlipe broka akununulie heshima ambayo tayari ni yako.

Na madalali wakibisha hodi, usimtumie pesa "rafiki wa dalali." Ada za dalali wa mnada zimewekwa katika jedwali la kanuni za mwaka 1997. Dai orodha ya ada, moja moja, kwa maandishi. Ukiona si sawa, kuna njia ya kisheria ya kuzikagua. Kwa mali inayohamishika, baada ya dalali kuiorodhesha una siku 7 za kuikomboa. Tumia siku hizo kuongea na uliyemkopa, si na wapita njia.

Je, mkopeshaji anaweza kukubali kupunguza bila broka? Ameshakubali! Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango ambao benki zilitakiwa kupunguza angalau asilimia 50 ya mikopo ya simu iliyokuwa imeharibika kufikia mwisho wa Oktoba mwaka huo, na mkopaji apewe hadi 31 Mei 2023 kumaliza salio. Nusu nzima ya deni, na hakuna aliyehitaji kupitia kwa mtu wa kati. Mpango huo umepita, lakini somo limebaki. Benki inajua kupunguza. Inangoja mtu aje aongee.

NA SISI WATUMISHI TUNYOSHEANE KIDOLE

Singekuwa mwaminifu kama ningewasema watu wa kampuni na mabroka halafu niruke madhabahu.

Kuna mahubiri yanayosema: "Leta mbegu ya kuvunja deni. Deni la laki moja, mbegu elfu kumi." Mtumishi wa Mungu, hiyo ni nini kama si ada ya mapema inayopimwa kwa ukubwa wa deni? Ni kampuni ile ile, tofauti ni kinanda kinachopigwa nyuma. Kwa kweli ni mbaya zaidi, kwa sababu yule wa kampuni angalau anaweza kushtakiwa. Wewe ukiulizwa unasema imani ya dada ilikuwa ndogo.

Soma 2 Wafalme 4:1-7. Mjane alikuwa na deni, na mdai alikuwa anakuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha alimuuliza ana nini nyumbani. Hakumuuliza ana nini cha kumpa mtumishi. Mafuta yalipojaa vyombo, mjane alirudi kwa nabii, na nabii akampa mpango wenye sehemu mbili: uza ulipe deni, na kinachobaki uishi wewe na wanao. Tafuta katika habari hiyo fungu la nabii. Halimo.

Kisha geuza ukurasa, sura ya 5. Naamani amepona, Elisha amekataa zawadi, na Gehazi anakimbia nyuma ya gari kwa uongo ili apate talanta za fedha na mavazi. Alipata alichotaka. Na alipata ukoma pamoja nacho. Gehazi hakuponya mtu. Alikimbilia malipo ya neema ambayo hakuifanya yeye. Mtumishi, tuogope hilo.

Anayetoa sadaka kwa upendo, atoe. Lakini usimwambie mtu mwenye mdai mlangoni alete kwako kwanza. Mwambie akalipe deni. Zaburi 37:21 inamweka anayekopa asilipe upande wa waovu. Kulipa deni nako ni utii.

SASA UFANYE NINI?

Mithali 6:1-5 inamwambia aliyejifunga kwa dhamana aende mwenyewe, ajinyenyekeze, amsihi mtu yule, asiyape macho usingizi mpaka ajiopoe kama paa kutoka mkononi mwa mwindaji. Paa hatumi broka.

Nenda mwenyewe. Andika madeni yako yote kwa karatasi moja: unadaiwa na nani, kiasi gani, tangu lini. Jua unaweza kulipa kiasi gani kila mwezi bila watoto kulala njaa, usiahidi zaidi ya hapo. Nenda kwa mkopeshaji ukiwa na namba hiyo. Omba riba isimame, omba muda, omba punguzo kama una kiasi cha kulipa kwa mara moja. Wakikubali, pata kwa maandishi kabla ya kulipa hata shilingi. Ukilipa, lipa kwa akaunti ya mkopeshaji, si kwa simu ya mtu. Ukimaliza, omba barua ya kuonyesha umemaliza, uiweke pale unapoweka cheti cha ndoa.

Mlio Marekani, piga simu benki yako kwanza uulize mpango wa wateja waliopata shida. Kisha kuna mashirika ya ushauri wa mikopo yasiyo ya faida, ambayo mara nyingi hukusikiliza mara ya kwanza bila malipo na yanaweza kupanga riba ipungue huku ukilipa deni lote. Kama deni limekuzidi kabisa, muone wakili wa mambo ya kufilisika akueleze haki zako. Si aibu kujua sheria.

Na kama huwezi kwenda peke yako, usiende kwa mgeni wa tangazo. Njoo kanisani. Tuna watu wa benki, wahasibu na mawakili wanaokaa kwa viti hivi kila Jumapili. Ninyi ndugu wenye ujuzi huo, nawaomba mbele ya wote: mketi na mwenzenu saa moja, bila ada. Paulo alimwandikia Filemoni kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, kiandikwe juu yake yeye Paulo. Wewe hujaombwa kulipa deni la mtu. Umeombwa saa moja.

Lakini ukiamua kumlipa mtu akusaidie, na ni haki yako, muulize maswali haya matatu. Utalipwa baada ya mimi kupata nafuu, au kabla? Utalipwa kwa kipimo cha nafuu yangu, au cha deni langu? Na utaniandikia hayo? Akijibu sawasawa mara tatu, ni mtenda kazi, mlipe kwa furaha. Akianza kuzunguka, akikwambia ofa inaisha leo usiku, funga simu. Mungu hana ofa zinazoisha usiku, na mtu anayekupenda hakukimbizi.

Tuombe.

Baba, mwone mwanao anayesoma hapa huku simu yake imezimwa kwa sababu ya wadai. Mpe ujasiri wa kuiwasha na kuongea. Mpe kibali mbele ya wale anaodaiwa nao. Linda mfuko wake na wanaokula kwa hofu yake, walio nje na walio ndani ya nyumba yako. Mpe kazi, mpe nidhamu, mpe siku ya kulipa shilingi ya mwisho. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA. Kisha mtumie mtu mmoja ambaye unajua amekaa na karatasi ya kutia sahihi usiku wa leo.